Nyumba Isiyo na Ndani

Je, wewe unayesoma, ukitakiwa uikunje nyumba yenu kama mkeka, chumba baada ya chumba, mpaka iwe mstari mmoja mrefu wa maneno, kisha mstari huo upelekwe kwa mtu ambaye hajapata kukanyaga mlangoni penu, naye aukunjue na kuisimamisha nyumba vile vile ilivyokuwa, utaanza na lipi? Utaanza na mlango au na paa? Na kisima utakitaja mara ngapi? Fikiri kwanza, usijibu haraka. Khairiya binti Zein alilifikiria jambo hilo kwa wiki nyingi, na bado alikosea.

Khairiya alikuwa msichana wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na Bibi Mwanakuu, mama wa baba yake, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene na mlango wa mti ulioingia weusi kwa kushikwa na mikono ya watu. Mwaka wa sitini na saba alikuwa akifanya kazi katika ofisi moja ya mawakala wa meli, barabara ya Kilindini. Kazi yake ilikuwa kutoboa kadi. Alikaa mbele ya mashine ndogo yenye vibonyezo, na kila alipobonyeza, kadi ngumu ya rangi ya maziwa ilipata tundu. Kadi zikisha kutobolewa, zililishwa mashine kubwa iliyokaa chumba cha pili. Chumba hicho kilikuwa na baridi kuliko vyumba vyote vya kisiwani. Watu waliingia humo na sweta huku nje jua likipasua mawe.

Mashine hiyo ndiyo ambayo leo kila mtoto huiita kompyuta. Pale ofisini waliiita Bibi Mkubwa, kwa sababu ilikula mchana kutwa na haikupenda kuharakishwa. Ilikuwa na akili nyingi lakini haikuwa na kumbukumbu. Kazi moja ikiisha na nyingine ikiingia, yote iliyoyajua yaliyeyuka kama chumvi majini. Kwa hiyo, yale yaliyohitajika kesho yalipaswa kutolewa leo, yaandikwe kwenye kadi, kisha kesho yarudishwe tumboni mwake.

Hesabu tupu hazikuwa na taabu. Taabu ilikuwa katika vitu vyenye vitu ndani yake. Meli ina matumbo ya shehena, tumbo lina makasha, kasha lina mitumba, yaani vifurushi vya mizigo, mtumba una mwenyewe, na mwenyewe huyo ana mitumba mingine katika kasha jingine. Kila karani alikuwa na njia yake ya kuvipanga vitu hivyo kwenye kadi, na kadi zilizotolewa na huyu, yule hakuweza kuzirudisha. Siku moja meli nzima ilirudishwa katika mashine ikiwa nje ndani: makasha yamo ndani ya mitumba, na meli imo ndani ya kasha. Makarani walicheka, lakini mwenye mali aliyekuwa akingojea mzigo wake dirishani hakucheka.

Mkuu wa chumba cha mashine alikuwa Bwana Crispus, mtu wa bara, mpole, mwenye mazoea ya kuuliza swali na kulingojea jibu lake kwa subira. Baada ya kisa hicho aliwakusanya wafanyakazi wote, makarani na watoboaji kadi, akawaeleza alilotaka. Alitaka mkusanyo mmoja wa maagizo, yaliyoandikwa kwa lugha ile ile ya kuiamrisha mashine, ambao kila mtu angeuazima kama watu wa mtaa wanavyoazima masufuria makubwa ya harusi. Mtu ampe Bibi Mkubwa kitu chochote, kiwe meli au mtumba au mwenye mtumba, aseme "kunja", nacho kilale kwenye kadi. Mwingine azichukue kadi hizo, aseme "kunjua", nacho kiinuke vile vile. Yeyote mwenye fikira azilete. Kisha akaongeza kwamba ofisi imepata nafasi ya mtu mmoja kwenda Nairobi kusomea lugha hiyo ya maagizo kwa nusu mwaka, na anayeitaka amwambie.

Kabla hajamaliza, Jaffar alikwisha kusimama. Jaffar alikuwa karani, kijana wa Majengo, mcheshi asiyekaa na neno kinywani. Alisema yeye yuko tayari, hata kama gari ni la leo jioni. Watu wakacheka.

Khairiya hakucheka. Aliitaka nafasi ile kama mwenye saumu anavyoitaka adhana ya magharibi. Kwa muda mrefu alikuwa akitoboa maagizo yaliyoandikwa na wengine, na kila alipoyatoboa aliyasoma, na kila alipoyasoma alijiuliza kwa nini yameandikwa hivi na si vile. Alitaka kuyaandika yeye. Lakini atasemaje? Watoboaji kadi hawakuwa watu wa kuulizwa. Na huko Kibokoni, msichana kutoka mlangoni kwenda kazini peke yake kulikuwa kumezua maneno ya kutosha, Nairobi je? Na bibi yake angekaa na nani? Akakata shauri kunyamaza. Alijiambia kwamba akiibuni ile kunja na kunjua ikawa nzuri, watu wataona wenyewe kilichomo moyoni mwake, na hatalazimika kufungua kinywa.

Tangu hapo alirudi nyumbani na kadi zilizoharibika, akaandika nyuma yake kwa penseli. Bibi Mwanakuu hakujua kusoma ila Kurani, lakini alikuwa na udadisi wa kumtoa mgeni jasho. Siku ya kwanza alidhani mjukuu wake anamwandikia mchumba. Alipoambiwa kuwa ni mambo ya mashine, macho yalimng'aa zaidi. Akataka kujua kama mashine hujua kwamba kikombe ni kikombe. Khairiya akamjibu kuwa haijui mpaka iambiwe. Kila kitu kinapokunjwa lazima kitangulie kusema kuwa ni kitu cha namna gani, kisha jina lake, kisha kilichomo ndani yake, na kikimaliza kiseme "basi".

"Na kisiposema basi?" Bibi akauliza.

"Kisiposema basi, mashine haitajua kimeishia wapi, bibi. Itadhani bakuli la sukari limo ndani ya birika."

Bibi alilipenda neno hilo kupita kiasi. Siku kadhaa kila alipomaliza kusema na muuza samaki au na jirani alimalizia kwa "basi", ili, kama alivyosema, asije mtu akadhani mambo ya jirani yamo ndani ya samaki.

Bibi Mkubwa wa ofisini hakupatikana kwa urahisi. Alikuwa na kazi za watu. Kwa hiyo Khairiya alihitaji binadamu wa kufanya kazi ya mashine, mtu asiyeijua nyumba yao kabisa, akunjue kwa kufuata kadi tu bila kuuliza. Rafiki yake Jael, mtoboaji mwenzake, alikubali. Jael alitoka upande wa Kisumu, alikuwa amepanga chumba Tononoka, na ingawa walikula pamoja kila mchana, hakuwa amepata kufika Kibokoni. Walikubaliana kwamba Khairiya ataikunja nyumba ya bibi yake, na Jael ataijenga upya kwa visanduku vya viberiti na makaratasi magumu ya maboksi ya viatu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Nyumba ya Bibi Mwanakuu na nyumba ya jirani yake, Mwanaesha, zilichangia kisima kimoja kilichojengwa katikati ya ukuta. Huyu akiteka upande huu, na yule upande wa pili. Khairiya akaandika nyumba ya bibi yake na kisima chake na jirani yake. Alipofika kwa jirani, akaandika nyumba ya Mwanaesha, na kisima chake, na jirani yake, ambaye ni Bibi Mwanakuu. Basi mkono ukaanza tena nyumba ya Bibi Mwanakuu, na kisima chake, na jirani yake. Kadi ziliongezeka kama kumbikumbi baada ya mvua na nyumba haikuisha.

Bibi alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, wazunguka kisima kama aliyeangusha ndoo."

Khairiya akacheka, lakini maneno yale yalimkaa. Asubuhi alikuwa na dawa. Kila kitu kikitajwa mara ya kwanza kitapewa alama yake na kuelezwa chote. Kikitajwa tena, hakielezwi. Inatajwa alama tu. Anayekunjua akiona alama atajua, aa, hiki ni kile kile, nimekwisha kukijenga. Kwa njia hiyo kisima kitabaki kimoja, na jirani atabaki jirani bila kumzaa mwenzake mara ya pili. Siku hiyo alitembea kwenda kazini kwa furaha hata akapita duka la mkate bila kununua mkate aliotumwa na Jael.

Aliandika nyumba nzima. Jael akapewa kadi, akakaa nazo. Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, akaja Kibokoni na sinia kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe. Watoto wa kichochoro walimfuata wakidhani ni keki.

"Shikamoo, bibi," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani, nyumba ni yako. Watoka salama Tononoka? Wazima wote? Hiyo keki ni ya nani?"

"Si keki, bibi. Ni nyumba yako."

Bibi Mwanakuu aliketi juu ya mkeka, akavaa miwani, na kitambaa kikaondolewa. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Kulikuwa na daka la kuingilia na viti vyake viwili vya mawe, kulikuwa na sebule ya wageni, ngazi, ua, kisima kimoja tu kilichokaa sawasawa ukutani, jiko, na msana, yaani ule ukumbi mrefu unaoutazama ua. Bibi aliingiza kidole dakani, akapanda nacho ngazi, akashuka nacho uani, akachungulia kisima kama mwenye kutazama kama kina maji. Alisema tangu aolewe hakuwa amepata kuiona nyumba yake yote kwa mara moja. Kisha kidole kikafika msanani, kikagonga ukuta. Akakisogeza kushoto, ukuta. Akakisogeza kulia, ukuta.

"Na huku?" aliuliza.

"Huku nyumba imekwisha, bibi," alisema Jael.

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, akaivaa tena. "Nyumba hii," alisema taratibu, "mtu azalie wapi?"

Jael akamtazama Khairiya. "Mimi nimejenga nilichoambiwa. Kadi zilifika ukutani zikasema basi."

Khairiya aliinamisha kichwa, uso umemwiva. Hakuwa amesahau. Nyuma ya msana, katika nyumba za namna ile, ndimo kilimo chumba kiitwacho ndani: humo hulala mama wa nyumba, humo huzaliwa watoto, na msiba ukifika humo hufanywa mambo ambayo mgeni hayaoni. Tangu utotoni alifunzwa kwamba mgeni huishia sebuleni, wa karibu hufika msanani, lakini ndani hapafikwi. Atawezaje kuiandika ndani ya bibi yake nyuma ya kadi na kuituma Tononoka? Si hivyo tu. Adabu hiyo alikuwa ameifanya kanuni ya kazi yake yote: kila kitu kikunje kile kinachoonyesha, na kile kinachoficha kikiache. Siri ya kitu isitoke. Aliiona kanuni hiyo kuwa ndiyo pambo la ubunifu wake. Sasa mbele yake, juu ya sinia, palikuwa na nyumba nzuri ambamo familia haingeweza kukaa hata usiku mmoja.

Aliyaeleza hayo kwa sauti ya chini. Bibi Mwanakuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka hata akashika mbavu.

"Stara nimekufunza mimi," alisema, "lakini si hiyo. Mwashi aliyeijenga ndani yangu aliiona. Mkunga aliyempokea baba yako humo aliiona. Asiye na haja nayo ndiye asiyeingia. Lakini mwenye kunijengea nyumba nikimficha ndani, atanijengea duka."

Kisha akainuka kwa kushika goti, akamshika Jael mkono, akampitisha msanani na kumwingiza ndani, akamwonyesha kitanda cha kamba, vishubaka vya ukutani vyenye mabakuli ya mamake, na kijidirisha cha juu kinachoingiza mwanga bila kuingiza jicho. Khairiya alibaki ameketi mbele ya sinia, anatahayari na anawaza. Ile kanuni haikuwa upuuzi. Kama Bibi Mkubwa angevumilia kila karani kuchokora mambo ya ndani ya kila kitu, ofisi ingekuwa soko. Vitu vina haki ya siri. Lakini siri ikiachwa nyuma, kitu hakiinuki. Afanyeje?

Mlango ukagongwa. Alikuwa ni msichana wa nyumba ya Mwanaesha, ameleta sahani ya jirani, imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichosukwa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Khairiya aliipokea, akashukuru, akasimama nayo. Ilikuwa imepita kichochoro kizima. Waliokaa barazani wameiona ikipita, na hakuna aliyejua kama ni mkate wa sinia au ni viazi vya nazi. Hata hivyo imefika, na chakula kimo chote, hakikupungua. Alifunua kidogo, akafunika tena, akafunua. Jael alipotoka ndani alimkuta rafiki yake akifanya hivyo akadhani ana njaa.

"Kufunika si kuacha," Khairiya alimwambia. Jael akasema ni kweli, na kwamba yeye pia ana njaa.

Basi aliibadilisha kanuni. Kila kitu kitakunja vyote vilivyomo, vya wazi na vya siri. Vya wazi vitaandikwa wazi. Vya siri kitu chenyewe kitavifunga kwa mkono wake, na kadi zitavibeba vikiwa vimefunikwa, na upande wa pili hakuna wa kuvifunua ila kitu cha namna ile ile. Mchukuzi habebi nusu, wala hachungulii.

Wiki iliyofuata Bwana Crispus alimpa nafasi ya Bibi Mkubwa. Maagizo aliyatoboa mwenyewe. Wakachukua meli moja iliyokwisha kuondoka, yenye matumbo na makasha na mitumba na wenye mitumba, wengine wakiwa na mizigo sehemu mbili. Mashine ikaambiwa kunja. Ikanguruma, ikatema kadi mpaka zikajaa kisanduku. Ikafutwa, tumbo likawa tupu. Kisha ikalishwa kadi zile zile, ikaambiwa kunjua. Crispus aliishika karatasi ya meli ya kwanza mkono mmoja na ya pili mkono mwingine, akazilinganisha mstari kwa mstari huku amevaa sweta lake la kijivu, na watu wote wamesimama kana kwamba wanangojea mwezi wa Idi uandame. Zilikuwa sawa. Hata yule mwenye mali katika makasha mawili alirudi akiwa mtu mmoja.

Crispus alifurahi kama aliyepata mtoto. Alimkalisha Khairiya akamuuliza juu ya alama, juu ya basi, juu ya kufunika, na kila jibu lilizaa swali. Mwisho akasema kwamba kesho saa sita mchana atapeleka Nairobi jina la mtu wa masomo, na kwamba mpaka sasa aliyeomba ni Jaffar peke yake. Akamtazama kwa muda zaidi ya uliohitajika.

"Kuna jambo jingine, Khairiya?"

Maneno yalimjia hadi ncha ya ulimi. "Hapana, bwana," alisema.

Ngazini alimkuta Jaffar anamngoja. Jaffar alimsifu kwa dhati, kisha akamwomba, kwa kuwa ni yeye atakayekwenda kusoma, amweleze tena kidogo habari ya zile alama, maana hakuzielewa hata kidogo na haipendezi kufika Nairobi mikono mitupu. Khairiya akakubali. Afanye nini? Kondoo hufa kimya.

Alasiri Jaffar alikuja Kibokoni, akafunzwa barazani, na Bibi Mwanakuu akawa dirishani juu yao, anasikiliza. Jaffar aliuliza alama ni nini. Akaelezwa. Akasimulia majumba ya sinema ya Nairobi. Akauliza tena alama ni nini. Alipokwenda zake, Bibi akashuka.

"Kijana mzuri huyu," alisema. "Ataka Nairobi. Kusoma ataka nani?"

Khairiya alikusanya kadi zake. Bibi hakumkera. Alimwambia tu kwamba kesho atamsindikiza kazini, kwa kuwa na yeye ataka kumwona huyo Bibi Mkubwa mwenziwe.

Asubuhi wakaenda, buibui mbili bega kwa bega, polepole, mpaka barabara ya Kilindini. Ofisini kila mtu alisimama. Crispus alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, na kwa kuwa aliona anatetemeka kwa baridi, akavua sweta lake akamfunika magotini. Bibi Mwanakuu aliitazama mashine kutoka juu hadi chini kama mtu anayetazama mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza. Aliuliza inakunywa nini. Aliuliza ikikosea hupigwa au hubembelezwa. Crispus alijibu yote, hakuchoka.

"Na mtu akisimama mbele yake," Bibi akauliza, "na jambo lake moyoni, asiseme, itamjua?"

"Hapana, mama. Isipoambiwa haijui. Hata sisi watu ni hivyo hivyo."

Khairiya akapiga moyo konde.

"Bwana Crispus," alisema, "jana uliniuliza kama kuna jambo jingine, nikasema hapana. Lipo. Nataka kwenda Nairobi kusoma. Nimeitaka nafasi hii tangu siku uliyoitaja, na kila nilichofanya nimekifanya kwa ajili yake."

Crispus akashusha pumzi, akaketi. Alisema yeye mwenyewe alitamani iwe hivyo tangu alipoona zile alama, ila watu walimwambia kwamba msichana wa Mji wa Kale hatoki, na kwamba kumtajia kungewavunjia heshima wazee wake, naye akaona aibu kuuliza. Jaffar, aliyekuwa mlangoni, akasema kwamba kama ni kusema kweli, hata yeye aseme yake: alichokitaka ni Nairobi, masomo alikuwa ameyachukua kama mtu achukuavyo mfupa kwa ajili ya nyama. Ampishe mwenye kuyataka. Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Kisha wote wakamgeukia Bibi Mwanakuu. Crispus alimuuliza kwa adabu kama atamruhusu mjukuu wake, na kama anaye mtu huko wa kukaa naye.

Bibi alikuwa akiikunja na kuikunjua pembe ya lile sweta. Macho yalikuwa yamemlenga machozi, lakini hayakudondoka.

"Tunaye Aidarus, mtoto wa ndugu yangu, ana nyumba Pumwani," alisema. "Lakini hatakwenda peke yake. Nitakwenda naye mimi." Akamtazama Khairiya. "Babu yako alikuwa mtu wa reli. Kila mwaka alipewa tiketi ya bure ya kumchukua mkewe popote gari lifikapo. Kila mwaka aliniuliza, Mwanakuu, wataka kwenda mahali? Nami kila mwaka nilimwambia sina haja, kwa kuona haya, mwanamke wa watu asije akaonekana ana hamu ya kuzurura. Tiketi zikaisha, naye akafa akidhani mkewe hakupenda safari. Na mimi tangu ni msichana mdogo, nikilisikia gari lile likilia jioni, sikutaka kitu duniani ila kukaa dirishani nione liendako. Hilo ndilo nililolitaka. Sijapata kumwambia mtu mpaka leo."

Hakika wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.